Bustani Iliyovuliwa Maua

Ua la kwanza ambalo Bi Jamna alilichuma kwa siri lilikuwa la manjano, dogo, limechanua juu ya kijiti kisicho na jani hata moja. Alilichuma alfajiri, mkazamwana wake Kalpana akingali amelala, akalifumbata kiganjani. Kisha akachuma la pili na la tatu, akaufuata ukuta wa matofali mpaka pembeni, bila ya kusaza hata tumba. Umande ulioganda ulimkata vidole. Maisha yake yote alikuwa akiwakemea watoto waliochuma maua wasiyoyapanda. Sasa alikuwa akiyapukutisha yeye, Baniani mtu mzima wa Unguja, amejitanda shali mbili juu ya sari nyeupe ya ujane, na viatu vya mpira vya mwenye nyumba vikimpwaya miguuni.

Aliporudi alijikuta hajui pa kuyaweka. Kuyatupa hakuweza. Akafungua mlango wa kibanda cha makaa kilichokuwa uani, akayamimina katika beseni kuukuu la kufulia, akafunga.

Haukupita muda Kalpana akatoka kukoga, nywele zikichuruzika maji, akafungua mlango wa bustanini. Bi Jamna alizisikiliza nyayo zake zikienda taratibu juu ya barafu nyembamba, zikisimama, zikienda tena. Alirudi mikono mitupu.

"Mama, maua imekwisha," alisema. "Jana ilikuwa mingi pale ukutani."

"Ni baridi. Baridi ya nchi hii haibakishi kitu."

"Sasa taa?"

"Ua hakuna, taa haiwashwi. Aliyeileta baridi ni Mungu mwenyewe, atatuelewa."

Kwa desturi Bi Jamna angemsahihisha kwanza Kiswahili chake, ndipo amjibu. Asubuhi hiyo aliliacha kosa lipite. Kalpana akamkazia macho kidogo, kama mtu aliyeikanyaga ngazi aliyoizoea akakuta haipo, kisha akaenda zake kupika chai.

Mwana wa Bi Jamna alikuwa amefariki, na Kalpana, mke wa marehemu, hakuwa na habari.

Habari ililetwa na simu mchana wa siku iliyotangulia. Simu yenyewe ilikuwa ya Gurdial, Singasinga wa Kisumu, mpakizi wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Gurdial alikaa juu peke yake, mkewe na wanawe wakingali Kisumu wakingoja kibali, na vyumba vya chini vya nyumba yake ya Hounslow aliwapa wanawake hawa wawili walipotoka katika kambi ya waliofukuzwa Uganda. Baba yake na baba yake Kalpana walikuwa maseremala wa reli wa karakana moja. Hilo lilitosha kuwa udugu.

Kalpana alikuwa amekwenda kliniki. Gurdial aliingia jikoni, akasimama katikati, kilemba chake kikikaribia kuigusa balbu.

"Mama, kaa kitako."

"Nimekaa, Gurdial. Huoni?"

Alitazama, akaona kweli amekaa, na sinia la mchele liko mapajani mwake. Akakosa pa kuanzia.

"Malek amepiga simu kutoka Austria," alisema mwisho. "Yule rafiki yake Jayant wa kambini. Ilikuwa mapafu, Mama. Homa ilimpanda ghafla. Hospitali walijitahidi. Wenzake wamemchoma kwa heshima zote, na majivu anayo Malek."

Bi Jamna aliendelea kuuchambua mchele. Alitoa kijiwe, akakiweka pembeni. Akatoa kingine, akakiweka kando ya kile cha kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi na ibaki hivyo."

"Mama, Kalpana ni mkewe."

"Nami ndiye niliyemzaa. Umenisikia nikipiga ukelele?"

Hakuwa amepiga. Kalpana alikuwa na mimba kubwa. Mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika Kampala, na daktari wa kliniki alikuwa amesema, akiutazama mshipi wa kupimia msukumo wa damu kana kwamba umemtukana, kwamba mama huyu asishtuliwe kwa jambo lolote. Mtoto aliyekuwa tumboni ndiye kitu pekee cha Jayant kilichosalia duniani. Bi Jamna aliyapima hayo pale pale, vidole vyake vikiwa ndani ya mchele, akakata shauri: mpaka mtoto azaliwe, Kalpana hatajua. Siku atakapojifungua salama, atamwambia yeye mwenyewe.

Jayant alikwama Austria kwa sababu ya pasi. Uganda ilipopata uhuru alichukua uraia wa nchi ile, duka lake la vitambaa lisije likanyang'anywa leseni. Mama yake na mkewe wakabaki na pasi za Kiingereza. Ulipofika mwaka wa kufukuzwa, afisa mmoja akaupiga uraia wake muhuri wa kuubatilisha, naye akawa si wa popote. Wanawake walipandishwa ndege ya London. Yeye, pamoja na wengine wasio na nchi, alichukuliwa na Umoja wa Mataifa akawekwa kambini, angoje Uingereza iamue kama mume aruhusiwe kumfuata mkewe.

Ndipo Kalpana akaweka nadhiri. Katika pembe ya chumba chao waliiweka picha ya Bwana Krishna juu ya sanduku lililotandikwa kitambaa, na kila asubuhi, akisha kukoga, Kalpana alitoka kutafuta ua moja, akaliweka mbele ya picha, akawasha taa ya samli. Hakuna siku itakayopita bila ya ua, alisema, mpaka Jayant ashuke kwenye ndege. Na ndege hazikuwa mbali. Zilipita juu ya paa la nyumba ile kutwa kucha, chini kiasi cha kutikisa vikombe kabatini, na mazungumzo yote yalikatika mpaka zipite. Kalpana alikuwa akiinua uso kila mara.

Sheria za maua alifundishwa na mama mkwe wake, aliyezishika kama alivyoyashika mambo yote, bila ya kulegeza. Ua liwe la bustani ya nyumba, kwa kuwa la dukani limekwisha kunuswa na kila mpita njia, na Mungu hapewi harufu iliyotumika. Liwekwe na mtu aliyekoga. Bila ya ua, taa haiwashwi. Na juu ya zote, nyumba iliyofiwa haimpi Mungu ua mpaka msiba wake ukamilike. Bi Jamna alijua kwamba msiba wa nyumba hii haukuwa umeanza, sembuse kukamilika: mke hajaambiwa, hajakogeshwa, hajaketi chini. Kila ua ambalo Kalpana angeliweka pale lingekuwa dhambi ambayo mtendaji wake haijui, na aliyeijua angekuwa amesimama nyuma yake akitazama.

Kumkataza bila ya kumweleza hakuweza. Kwa hiyo aliazimia kwamba maua yasiwepo.

Alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Tangu wahamie hapo hakuwa ametia mguu katika bustani ile. Aliitazama kwa dirishani na kuiita makaburi ya vijiti. Mtu aliyelelewa katika harufu ya mlangilangi na asumini angeona nini mahali pale? Ardhi nyeusi, majani yaliyooza, matawi yaliyokauka kama mifupa ya samaki sahanini. Ukutani palikuwa na yale ya manjano, basi. Akisha kuyamaliza hayo, alijiambia, kutabaki baridi tupu.

Lakini asubuhi ya pili Kalpana alirudi na ua jeupe.

Alilipata wapi, Bi Jamna hakujua. Lilikuwa dogo kuliko kikonyo cha embe, limeinamisha kichwa. Kwa bahati, kabla hajalifikisha kwenye picha, Bi Jamna alilitwaa mkononi mwake, akalinusa kwa nguvu mbele ya macho yake, akasema, "Lo, nimesahau." Kalpana alikiangalia kiganja chake kilichobaki kitupu. Hakuwa amepata kumwona mama mkwe wake akisahau.

Tangu siku ile Bi Jamna aliianza bustani kwa magoti. Alipiga magoti juu ya gunia, akafukua majani yaliyooza kwa mikono, na chini yake akaviona viua vyeupe vimesimama makundi makundi, vichwa chini, kama wanafunzi waliokosa jibu. Alipokiinua kimoja kwa ncha ya kidole, akaona ndani yake alama ya kijani, imechorwa kwa uangalifu mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika ila kwa kuinama. Akajiuliza imechorewa nani. Kisha akakichuma.

Karibu na uzio aliyakuta mengine, mapana, ya rangi ya damu iliyovilia chini ya ngozi, yamejificha ndani ya majani mazito. Akayachuma. Juu ya kichaka kilichoonekana kimekufa tangu zamani alikuta nyuzi nyekundu zilizojikunjakunja, kama zafarani iliyomwagika juu ya kuni. Hizo nazo akazichuma, uzi kwa uzi. Na siku moja, akiwa amekata tamaa ya kuyamaliza, harufu ilimjia. Ilikuwa tamu, nzito, isiyostahili kuwa mahali pale. Aliifuata akitambaa mpaka kwenye mfereji wa maji ya jikoni, akakuta kichaka kifupi chenye majani meusi yanayong'aa, na maua yake hayakuzidi pindo la kanga lililofumuka. Mzee kama yeye angelipita mara mia asiyaone.

Aliusogeza uso karibu. Maua haya hayakuwa ya Mungu, angeweza kuyanusa. Akanusa mpaka kichwa kikamzunguka, na hapo, juu ya gunia, mama wa Jayant akalia kwa mara ya kwanza, amejiziba kinywa kwa shali, kwa kuwa dirisha la chumba cha Kalpana lilikuwa juu ya mgongo wake.

Alikuwa na hasira. Mwanawe amekufa katika nchi ya theluji, akiwa kijana, na theluji hiyo hiyo inazaa hivi. Baridi iliyoweza kuyahifadhi haya, mabua membamba kama uzi, imeshindwaje kumhifadhi mtu? Na hasira yake ilizidi kwa jambo jingine ambalo asingelimwambia yeyote: kwamba alfajiri zilipokaribia alijikuta akizingoja. Ndani ya nyumba hakuwa na mahali pa kumlilia mwanawe. Huku nje, kila alipolichuma ua, alikuwa amelitaja jina lake kimoyomoyo. Beseni la kibandani lilijaa, maua ya chini yakigeuka kahawia, ya juu yakiwa mabichi, na yeye alilifunika kwa gunia kama anavyofunikwa mtu.

Jirani wa upande wa kulia, mzee wa Kiingereza aliyeitwa Tom, alimwona juu ya uzio.

"Unayapenda sana maua, bibie."

"Siyapendi," Bi Jamna akamjibu kwa Kiingereza chake cha shule, kilichonyooka kama rula.

"Basi ungekuwa unayapenda ingekuwaje?" Tom alicheka, akakohoa. "Bibi aliyekaa hapo zamani hakutaka mwezi upite bila ua. Miaka yake yote aliipanda bustani hiyo kwa ajili ya baridi. Alisema kiangazi kila mpumbavu ana maua. Wewe chuma tu, yakipungua haya, mengine yako njiani."

"Mengine?"

"Oh, ndiyo kwanza yanaanza."

Alikuwa amekusudia kumfurahisha. Bi Jamna aliingia ndani akaketi.

Kalpana alikuwa akimfumia mumewe sweta. Sufu ya buluu aliinunua sokoni, na jioni moja, Gurdial aliporudi kazini, alimsimamisha katikati ya jiko ampime.

"Nyosha mikono, kaka. Hapana, nyosha kabisa. Unaogopa nini, si bunduki."

"Mimi mnene, Jayant mwembamba. Utamfumia hema."

"Ndiyo maana nauliza Mama. Mama, mkono ya Jayant inafika wapi kwa Gurdial? Hapa? Ama hapa?"

Gurdial alisimama na mikono yake imetanda, macho yake ameyapeleka kwenye dari. Bi Jamna aliinuka. Alikuwa amewahi kuushona kila mkono wa kila shati la mwanawe mpaka alipooa. Akaweka kidole juu ya kifundo cha mkono wa Gurdial, akakisogeza mbele kidogo, mpaka kwenye mzizi wa dole gumba.

"Hapa," alisema.

"Mrefu hivyo?"

"Alikuwa..." Akajikwaa. "Alikuwa mrefu tangu mdogo."

Machozi yakamteremka Gurdial mpaka ndevuni. Kalpana akaacha kupima.

"Wewe unalia nini?"

"Vitunguu," alisema Gurdial.

"Leo sikukata kitunguu."

"Basi ni vya kazini," akasema, akapanda ngazi upesi, na Kalpana akacheka, akamwambia mama mkwe wake kwamba huyu naye amemkumbuka mkewe, maskini. Bi Jamna akaitikia kwamba ndivyo.

Siri ya maua ilitoka siku ambayo Gurdial alichelewa kazini na makaa yakaisha jikoni. Kalpana hakutaka kumwamsha mama mkwe wake, aliyekuwa amejinyoosha kidogo baada ya chakula. Alikwenda kibandani mwenyewe. Bi Jamna alizinduka kwa sauti ya mlango, akafika jikoni na kumkuta amesimama, beseni ameliegemeza juu ya tumbo lake.

"Hii ni nini, Mama?"

"Ni maua."

"Naona ni maua. Nani alichuma?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kalpana aliyatazama yale ya juu, mabichi, kisha akatia mkono akayafunua ya chini. Hakupaza sauti.

"Unajua pale naomba nini. Unajua namwombea nani. Mimi nazunguka huko nje na tumbo hili, nafikiri Mungu amekataa. Nafikiri ni dhambi gani nimefanya. Kumbe ni wewe."

"Kalpana."

"Hukutaka anioe. Ulimwambia binti wa seremala hajui hata kukunja sari, lugha yenyewe anaivunja. Nilisikia, nilikuwa nyuma ya pazia. Sawa, mimi sikusema kitu, miaka yote hiyo. Lakini yeye ni mtoto wako. Unamfungia mtoto wako njia, ili asifike kwangu?"

Sentensi moja ingelimtakasa. Bi Jamna aliihisi imekaa juu ya ulimi. Aliutazama mshipa uliokuwa ukipiga shingoni mwa Kalpana, akautazama mkono wake uliokuwa umelishika tumbo, akaimeza.

"Ni kweli," alisema. "Sikutaka akuoe."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa hilo aliufunga mlango wa lile jingine. Kalpana aliliweka beseni mezani kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kuvunja. Akaingia chumbani. Hawakusemezana tena siku ile, na Bi Jamna alijiambia kwamba haidhuru. Mtu anaweza kumchukia mama mkwe wake kwa muda mrefu bila ya mimba yake kuharibika. Yuko tayari achukiwe mpaka mtoto azaliwe. Na ikibidi, baadaye pia.

Alfajiri iliyofuata Kalpana ndiye aliyetangulia. Bi Jamna alipofungua macho aliyasikia maji ya bafuni yakinyamaza, na mlango wa uani ukifunguliwa. Akakimbilia dirishani. Usiku theluji ilikuwa imeanguka ikafunika kila kitu, ukuta, vichaka, gunia lake la kupigia magoti. Hapakuwa na rangi yoyote mahali popote. Alishusha pumzi. Kalpana alizunguka ndani ya ule weupe, amejikumbatia, akaparura kwa mguu hapa na pale, akasimama. Hakuna. Bi Jamna alimwona akiyafuta macho kwa pembe ya shali, na akamshukuru Mungu kwa theluji.

Kisha kichwa cha Tom kikatokeza juu ya uzio. Upande wake palikuwa na mti mrefu ambao matawi yake yalivukia bustani ya Gurdial, juu sana, mahali ambapo Bi Jamna hakuwa amepafikiria wala asingepafikia. Tom alikuwa juu ya ngazi akiipukusa theluji. Wakazungumza maneno ambayo kiooni hayakusikika. Tom akanyoosha mkono na mkasi, akakata tawi lililoning'inia upande wa pili, akamteremshia. Lilikuwa limejaa maua, ya waridi hafifu kama kucha ya mtoto mchanga, yamechanua katika kitovu cha baridi, juu ya mti mtupu.

"Mpe bibi yako nusu!" Tom akamwambia, kwa sauti iliyovuka mpaka dirishani. "Anayapenda, hata akikana."

Bi Jamna aliwahi mlango wa chumba kabla Kalpana hajafika. Akasimama ndani ya fremu yake, mkono huku na mkono huku.

"Nipishe, Mama."

"Usiliweke."

"Limetoka upande wetu wa uzio. Nimekoga. Sikunusa. Sheria zako zote nimefuata. Nipishe."

"Sikupishi."

"Basi nipige, nitapita."

"Nyumba hii haiwezi kumpa Mungu ua," Bi Jamna akasema.

Hakukusudia kuyasema hayo. Yalimtoka kwa kuwa yalikuwa sheria, na sheria ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kinywa chake. Ndege ilipita juu ya paa, vikombe vikalia kabatini, na wote wawili wakangoja, kama walivyozoea kungoja katika nyumba ile, mpaka kishindo kikaisha. Katika kungoja huko Kalpana alikuwa akimtazama. Maneno yale alikuwa ameyasikia mara moja tu maishani mwake, Kampala, akiwa bi arusi mpya, asubuhi aliyofariki baba mkwe wake. Na aliyeyasema alikuwa mwanamke huyu huyu, amesimama hivi hivi, katika mlango mwingine.

Safari hii ndege ilipopita hakuinua uso.

"Lini?" alisema.

Bi Jamna aliishusha mikono yake kutoka kwenye fremu.

"Lini, Mama?"

"Kabla ya theluji. Siku uliyokwenda kliniki."

"Mara ya kwanza niliposema maua imekwisha."

"Hiyo ilikuwa kesho yake."

Kalpana alilitazama tawi alilolishika kama hajui lilifikaje mkononi. Akaliweka juu ya meza ya jikoni. Akavuta kiti, asiketi.

"Kaka Gurdial anajua?"

"Anajua."

"Kila mtu katika nyumba hii anajua. Mimi peke yangu nilikuwa na mume." Alizungumza polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Ulinipa kipimo cha mkono wake."

"Nilimhofia mtoto. Daktari alisema..."

"Nilisikia alichosema daktari, lilikuwa tumbo langu. Mama, siku zote hizi nimemwombea mtu safari. Nimemwambia Mungu amlinde asipate baridi." Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainama, na Bi Jamna akamwendea kwa hofu, akidhani ni uchungu umemshika.

"Usinishike."

Bi Jamna akarudi nyuma. Kalpana alipumua, akapumua tena, jasho limemtoka juu ya mdomo. Kisha akajinyoosha, mkono mmoja kiunoni, uso wake umekauka.

"Mtoto yupo," alisema. "Anacheza. Usiniangalie hivyo."

Nje theluji ilikuwa imeanza tena.

"Kwenu," akauliza, "mtu akichelewa kusikia, siku zake zinaanza lini?"

"Zinaanza siku aliyosikia."

"Basi sijasikia bado. Umeniambia nyumba haiwezi, umeniambia maneno ya daktari. Hujaniambia. Niambie kama nilivyostahili kuambiwa."

Bi Jamna alikuwa ameyabeba maneno yale kwa siku nyingi, ameyapitisha kwenye vidole vyake kila alfajiri, lakini kinywa chake hakikuwa kimepata kuyatamka. Aliyeyasema alikuwa Malek, kisha Gurdial. Yeye aliyazungusha tu ndani. Sasa alisimama wima, shali ameikusanya kifuani, kama alivyofundishwa asimame mwanafunzi anayeulizwa.

"Mwanangu," alisema, "Jayant amekufa."

Naye ndipo akayasikia. Ukelele ukamtoka, ule alioukataa jikoni mbele ya Gurdial, na juu ngazi zikalia kwa nyayo za Gurdial akiteremka mbio. Kalpana alikuwa amekwisha kukivuta kile kiti pembeni na kuutandika mkeka sakafuni, kama ilivyo wajibu wa mwenye msiba. Aliketi kwa taabu, mkono mmoja ukutani, tumbo lake mbele yake. Hakumkumbatia mama mkwe wake, wala hakumtazama. Alisogea tu kidogo upande wa ukuta, akamwachia nafasi.